Murembe Ndani ya Tuta

"Usinipigie kelele ndani ya ofisi yangu!" Injinia Kipkosgei aligonga meza hadi kijiko kikaruka kutoka kwenye kikombe. "Mimi nilikuwa nachora mabwawa wewe ukiwa bado unafundishwa kupiga saluti."

"Basi niambie hili ulilichorea wapi," Inspekta Jepkorir alisema. Hakuwa ameketi tangu aingie. Faili ilikuwa wazi mezani, ukurasa wa kumi na nne, na kidole chake hakikubanduka hapo. "Umeandika udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unaoshika maji. Mimi nilikuwa Kabuchai jana. Buti zangu hizo hapo mlangoni. Ziangalie, halafu uniambie kama huo ni udongo mweusi."

Buti zilikuwa nyekundu hadi vifundoni, na changarawe imejaa kwenye soli. Injinia hakuziangalia.

"Udongo hubadilika, madam. Hatua mia tu na unakuta mwingine."

"Na vijito navyo hubadilika? Mstari wa chini: maji ya ziada yataelekezwa kwenye kijito kinachopita Endebess. Kabuchai na Endebess ni jirani tangu lini?"

Konstebo Kipkirui, dereva wa Jepkorir, alikuwa amesimama kando ya mlango akijifanya anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

"Hayo ni makosa ya kuchapa," Injinia alisema.

"Ni ripoti ya bwawa la mtu mwingine. Umebadilisha jina la mbele tu."

Jumanne, saa nne asubuhi, tuta la bwawa la chini kwenye machimbo ya kokoto ya tajiri Mukhisa, huko Kabuchai, lilikuwa limepasuka, na tope litokanalo na kuosha mawe likafagia nyumba kumi na moja. Watu kumi na wanne walifukiwa. Leo ilikuwa Ijumaa, na kumi na mmoja tayari walikuwa mochari. Watatu walikuwa bado ndani ya tope, na juu yao, mlimani, bwawa la pili lilikuwa limesimama likiwa limejaa pomoni. Lilijengwa mwaka uleule, kwa mchoro uleule, likapigwa muhuri uleule. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri.

Seli za Bungoma zilikuwa na mkulima mmoja, Sifuna. Jembe lake liliokotwa kando ya tuta lililopasuka, na mwezi uliotangulia alikuwa amesimama katika baraza la chifu akaapa kwamba atalibomoa kwa mikono yake. Angefikishwa kortini Jumatatu. Na maadamu ilisemwa ni jembe la Sifuna lililoua watu, bwawa la juu halikuwa na ubaya wowote, na hakuna mwenye mamlaka aliyekubali kuandika barua kwamba litolewe maji. Barua hiyo ndiyo iliyomleta Jepkorir Kitale.

"Mtu mwenye jembe anakata tuta kutoka juu," alisema. "Mama mmoja pale, Nakhumicha, aliliona likipasuka. Anasema maji yalitoka tumboni mwa tuta kama yanatoka kwenye bomba, na nyasi za juu zilikuwa bado zimesimama. Sifuna alikuwa anachimba mfereji wa kuondoa maji kwenye sukumawiki yake. Jembe lake halikugusa tuta."

"Akina mama wanaona mengi."

Jepkorir alitoa mfuko wa nailoni wa vielelezo akauweka juu ya faili. Ndani mlikuwa na kipande cha mti, kirefu kama mkono wa mtoto, chepesi, kimeoza kikawa kama sifongo. Ganda lake lilikuwa nene, lenye vinundu vya miiba.

"Hiki nilikichomoa pale tuta lilipopasukia. Masharti ya leseni yanasema msingi usafishwe, miti, visiki na mizizi vyote vitolewe, na injinia awepo mwenyewe kabla haujafunikwa. Umeweka sahihi kwamba ulikuwepo. Sasa hiki kilikuwa kinafanya nini humo ndani?"

"Ni kuni. Maji yamezileta."

"Kilikuwa kimesimama wima, Injinia. Na mizizi yake. Kimeoza, kikaacha njia ya maji."

Injinia Kipkosgei alivua miwani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya kubembeleza. "Jepkorir, mimi na wewe ni watu wa nyumbani. Mama yako na dada yangu waliimba kwaya moja kule Cherang'any."

"Mama yangu hajui kuimba. Ulifika Kabuchai au hukufika?"

Nje, muuza vitabu vya dini alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti. Injinia alimsikiliza hadi alipopita.

"Sikufika," alisema. "Mukhisa alitaka mchoro kwa wiki mbili. Wanaotoa leseni walitaka karatasi zenye muhuri. Walipata karatasi zenye muhuri. Hakuna mtu aliyeuliza zaidi."

"Mimi nimeuliza. Sasa chukua kalamu. Andika kwamba bwawa la juu si salama na lifunguliwe leo."

"Nikiandika hiyo, nimejiandikia kifungo."

"Na usipoandika?"

"Nisipoandika labda litasimama." Alirudisha miwani machoni. "Miaka sita limesimama, dada. Labda litasimama."

Jepkorir alifunga faili, akaipachika kwapani, akavaa buti zake mlangoni na kuacha rundo la udongo mwekundu kwenye zulia.

"Usitoke Kitale," alisema.

Garini alifungua faili tena magotini. Nyuma ya michoro kulikuwa na karatasi za kazi za kila siku, zilizoandikwa na msimamizi wa ujenzi ambaye alikuwa ameshafariki. Walipofika Kiminini alikuwa amesoma nusu. Huko Kamukuywa alimwambia Kipkirui apunguze mwendo ili herufi zitulie.

"Sikiliza hii. Bwawa la chini, siku ya kuchimba msingi. Tingatinga limesimama tangu saa tano asubuhi. Sababu: mti."

"Labda mti ulikuwa mgumu, afande."

"Tingatinga linang'oa mkaratusi kwa dakika kumi. Halafu kesho yake ameandika: kazi inaendelea. Hakuna mahali ameandika mti umetolewa." Alifunua kurasa kadhaa. Kisha akasoma polepole. "Bwawa la juu. Siku kumi na mbili baadaye. Tingatinga limesimama. Sababu: mti."

Kipkirui alikanyaga mafuta bila kuambiwa.

Mwendeshaji wa tingatinga aliandikwa kwenye kila karatasi kwa jina moja tu, Khaemba. Walimkuta kwake, hatua chache kutoka shule ya msingi ambako manusura walikuwa wamelazwa katika madarasa mawili, wanafunzi wakibanana katika yaliyobaki. Alikuwa mzee mwenye mabega mapana, ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi kwenye gunia.

"Karibuni," alisema. "Viti ni hivyo, si mkae."

"Hatukai, mzee. Nina swali moja." Jepkorir alitoa kile kipande cha mti nje ya mfuko, akamnyooshea. "Hiki ni mti gani?"

Khaemba alirudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Gunzi lilimponyoka likaviringika hadi miguuni pa Kipkirui.

"Weka hiyo kitu chini, mayi, mama yangu. Usinipatie."

"Ni kuni tu."

"Hiyo si kuni! Hakuna mtu anapikia hiyo hapa. Weka chini, nitakuambia."

Akakiweka chini. Mzee alikisogelea kwa macho tu.

"Ni murembe," alisema. "Nyinyi si watu wa huku, hamjui. Huku kwetu watu wakishindwa kesi, mmoja anasema umeiba, mwingine anasema sijaiba, wanapelekwa kwa murembe wanaapa hapo. Mwenye kudanganya anakufa yeye na nyumba yake. Ukikata huo mti ni hivyo hivyo. Watoto wako wanaisha, mmoja mmoja. Sasa ati mimi niwekwe kwa mashine niambiwe, Khaemba, ng'oa!"

"Na ukafanyaje?"

"Nikazima injini. Msimamizi akaniambia nitafutwa kazi. Nikamwambia nifute. Akaita vijana wenye panga, wanne. Wakaangalia mti, wakaangalia yeye, wakaweka panga chini. Yeye mwenyewe mtu wa Sirisia, anaujua huo mti. Nikamwambia, basi shika wewe panga. Akakataa, bana. Tukakaa pale mpaka saa tisa tukiangaliana."

"Halafu?"

"Halafu tukaona tufunike. Kufunika si kukata, ama? Nikasukuma udongo pole pole, nikauzunguka, hata tawi moja sikuvunja. Tukaufunika ukiwa mzima, mrefu kuliko mimi."

"Injinia alisema nini?"

"Injinia gani? Mimi hapo sikuona injinia. Angekuja angetuambia tusongeshe tuta kando, mita kumi tu, na tungesongesha. Nani alikuwa wa kusema?" Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mahindi. "Mimi nilidhani nimekwepa kifo. Hao kumi na wanne nawajua wote. Wengine nilikuwa kwa harusi zao."

"Ilikuwa miti mingapi, mzee?"

Mzee alifunga mdomo wa gunia.

"Miwili," Khaemba alisema.

"Vaa viatu. Unionyeshe."

Walipanda kwa miguu. Upande mmoja wa njia, chini kabisa, lilionekana korongo la tope la kijivu, pana kama uwanja wa mpira, na wanaume kama arobaini wakichimba kwa majembe na karai. Shule ilikuwa chini zaidi, kwenye kona ya korongo, na baada ya shule daraja na soko. Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana upande wa Mlima Elgon.

Bwawa la juu lilikuwa limetulia. Maji yalikuwa futi mbili tu kutoka ukingoni. Jepkorir alitafuta ule mchirizi wa kumwagia maji ya ziada uliochorwa kwenye ramani, akaupata umepandwa matete ya ng'ombe, umeziba. Kipkirui alipiga picha.

"Uliuacha wapi?"

Khaemba alihesabu hatua kutoka kwenye mwamba mmoja, akitembea juu ya tuta, kisha akateremka mteremko wa nje akishika nyasi. Katikati ya mteremko alisimama. Hakuhitaji kuonyesha. Chipukizi lilikuwa limetoboa tuta, limefika kiunoni mwa mtu, lina majani mapana matatu matatu na shina lenye miiba. Kuzunguka shina ardhi ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka humo, membamba kama kamba ya kiatu.

"Bado uko hai huku juu," Khaemba alisema kwa sauti ndogo. "Ule wa chini ulikufa."

Jepkorir alichuchumaa, akakinga maji hayo kwa chupa, akaisimamisha juu ya jiwe. Kisha akafungua faili ukurasa wa ishirini na mbili, fomu ya ukaguzi ambayo injinia alitakiwa kuijaza kila baada ya miezi mitatu na ambayo ilikuwa tupu tangu mwanzo. Akasoma kwa sauti. "Maji yakipenya safi, andika na uendelee kuangalia. Yakipenya yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani. Ondoa watu."

Walisubiri dakika tano kwa saa ya Kipkirui. Ndani ya chupa, chini, mlikuwa na udongo mwekundu uliotuama, kina cha vidole viwili.

"Afande," Kipkirui alisema. Akaonyesha. Maji yaliyokuwa kama kamba ya kiatu sasa yalikuwa kama kidole gumba.

Jepkorir alimpigia Mukhisa, mwenye machimbo. Mteja hapatikani. Akampigia Injinia Kipkosgei. Simu iliita mara mbili ikakatwa, na alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Akampigia mkubwa wake Bungoma, akamweleza kwa sentensi sita.

"Jepkorir," mkubwa wake alisema, "wewe ni polisi, si fundi wa maji. Una barua ya injinia?"

"Sina."

"Ya mwenye mali?"

"Sina."

"Basi usiguse kitu. Waambie watu wahame."

"Chifu anawaambia tangu Jumatano. Hawaondoki bila watu wao watatu."

"Na ukifungua maji yatapita wapi?"

"Kwenye korongo."

Mkubwa wake akasema, "Hapo ndipo kielelezo chako kilipo. Kisiki, mizizi, vyote. Wakili wa Sifuna atakuuliza viko wapi. Na hao watatu wako humo humo."

"Najua."

"Mimi hii simu sikuipokea," alisema, akakata.

Jepkorir aliweka simu mfukoni. "Mzee, bomba la kutolea maji liko wapi?"

"Chini ya tuta, upande wa mwamba. Gurudumu la chuma. Halijafunguliwa tangu tulifunge."

"Likifunguliwa, bwawa litashuka?"

"Pole pole. Mpaka kesho litakuwa nusu. Nusu si mbaya." Mzee alimwangalia. "Lakini korongo litajaa, mayi. Hiyo tope yote itaenda mtoni. Hakuna mtu atapatikana tena."

Jepkorir alimwachia Kipkirui kazi ya kuwatoa wachimbaji. Filimbi ilisikika mara tatu, kisha kelele, kisha matusi kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Lakini Kipkirui aliwaonyesha ile chupa, akaipitisha mkono hadi mkono, na wale wanaume walikuwa wakulima waliojua udongo unaoondoka shambani unafananaje. Walianza kutoka, wawili wawili, wakiburuta majembe. Wengine walikimbilia shuleni kutoa watoto madarasani.

Mmoja hakutoka. Nakhumicha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa tope, kwenye bati lililokuwa paa la nyumba yake, kama alivyokuwa ameketi tangu Jumanne. Mtoto wake Nelima, wa miaka sita, alikuwa mmoja wa wale watatu. Jumanne hiyo mtoto alibaki nyumbani kwa sababu ya homa.

Jepkorir alimwendea mwenyewe. Tope lilimfika magotini.

"Mama Nelima. Inuka. Nafungua bwawa la juu."

"Bado hawajafika kwangu," Nakhumicha alisema. "Wamechimba kwa Wamalwa, sasa wanakuja kwangu. Kitanda chake kilikuwa upande huu. Waambie waje upande huu."

"Hawaji. Nimewatoa."

"Ati umewatoa?" Aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Wewe ndiye uliniuliza maji yalitoka wapi. Nikakuambia. Nikakuambia kila kitu, ukaandika. Hii ndiyo shukrani?"

"Lile la juu linavuja. Lina mti kama huu wa chini. Likipasuka linachukua shule."

"Likichukua?"

"Kuna watoto mia moja na hamsini pale."

"Na wangu?"

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye bati, kisha la pili.

"Nitazika nini?" Nakhumicha aliuliza. "Niambie wewe, kwa sababu umesoma. Nikate mgomba niuvalishe sare yake ya shule niuweke kwa jeneza? Watu waje walie mgomba?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Inuka."

Hakuinuka. Jepkorir alimshika chini ya makwapa akamwinua, na Nakhumicha alikuwa mzito kama gunia lililolowa, hakupigana, hakusaidia. Wanaume wawili walishuka kumpokea. Alipofika juu alikaa chini tena kwenye nyasi, akiangalia upande wa kitanda.

"Fungua basi," alisema. "Lakini usije matangani kwangu."

Gurudumu lilikuwa limeshika kutu. Khaemba alipitisha mtalimbo kwenye mapengo yake ili wapate nguvu ya kulisukuma, akampa Jepkorir upande mmoja, naye akashika upande wa pili. Juu yao, kwenye mteremko, maji yalikuwa yameshakula ardhi kuzunguka chipukizi na murembe ulikuwa umeanza kuinama.

"Korongo liko tupu?" Jepkorir aliita.

"Tupu, afande!" Kipkirui alijibu kutoka ng'ambo.

"Hesabu tena!"

Akahesabu tena. "Tupu!"

"Mimi nikisema acha, tuache," Khaemba alisema. "Mizunguko mitano kwanza. Tukifungua kwa haraka tutalivunja sisi wenyewe."

Jepkorir aliangalia saa yake, akamwambia Khaemba naye aukumbuke muda huo, kwa maana wataulizwa: saa nane na dakika arobaini. Kisha akaweka kifua kwenye mtalimbo. Chuma kililia. Gurudumu likakwama, likaachia, likazunguka robo, likazunguka nusu, na ndani ya bomba kitu kikakohoa mara moja, mara mbili, kabla maji ya kijivu hayajaruka nje na kuelekea chini, kwenye bati, kwenye karai zilizosahaulika, upande ule wa kitanda.

"Moja," Khaemba alisema.

Wakazungusha tena.